Maswali na Majibu ya Gereji: Kusafisha Pistoni Bila Kuziharibu

SWALI: Shikamoo fundi. Nimefungua injini ya Toyota 3L ya Hiace yetu hapa Morogoro kwa sababu ilikuwa ikila oili na kutoa moshi wa rangi ya buluu. Silinda zimepimwa na bado zimo ndani ya kipimo, kwa hiyo pistoni zilezile zitarudi na ringi mpya (pete za chuma zinazoizunguka pistoni). Msaidizi wangu alitumbukiza pistoni moja katika maji ya kostiki soda tuliyooshea bloku. Ikatoa mapovu mengi, na ilipotolewa ilikuwa nyeusi, tena ikiacha unga kwenye vidole. Tatu zilizobaki anataka kuzipitishia brashi ya waya ya grainda. Je, nimruhusu? Na ile ya kwanza bado inafaa?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usimruhusu, na ile iliyoingia kwenye kostiki usiirudishe ndani ya injini. Bloku ya 3L ni ya chuma, nayo huvumilia kostiki. Pistoni ni ya alumini iliyochanganywa na silikoni, na kostiki huila alumini. Yale mapovu yalikuwa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto kwa cheche ndogo tu, na ule unga mweusi ni mabaki ya madini yasiyoyeyuka baada ya alumini iliyoyazunguka kuliwa. Pistoni hiyo imepoteza vipimo vyake kwenye sketi (ubavu wake wa chini), kwenye mifereji ya ringi na kwenye tundu la pini inayoiunga na fimbo yake. Tafuta nyingine ya saizi ileile na uzito unaolingana na wenzake, na ukiikosa, nunua seti nzima.

Brashi ya waya ya grainda hung'arisha pistoni haraka, lakini huviringisha kingo za mifereji. Ringi hufanya kazi yake kwa kulala bapa juu ya ukuta wa chini wa mfereji. Ukuta huo ukichongeka, gesi ya moto hupenya kwenda chini na oili hupanda juu, na moshi uleule wa buluu utarudi ingawa ringi ni mpya. Msasa na zile diski laini za kung'arishia zina hatari nyingine: chembe zake ngumu hujificha kwenye mifereji na matundu, kisha husafiri na oili hadi kwenye beringi za krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Nimeona watu wakiilaumu oili kwa uharibifu wa namna hiyo, nayo haina kosa.

Kaboni hulainishwa kwanza, ndipo ikwanguliwe. Toa ringi, weka kila pistoni na pini yake katika kopo lenye namba ya silinda yake, mimina dizeli au mafuta ya taa hadi izame, kisha iache usiku kucha. Ukipendelea dawa ya kusafishia kabureta, soma kopo uhakikishe kwamba haidhuru alumini, vaa glavu na miwani, na fanyia kazi mahali penye hewa. Asubuhi, kwangua kichwa cha pistoni kwa kijiti cha mti mgumu au plastiki. Doa la kahawia likibaki, liache, kwa kuwa halina madhara. Sketi ifute kwa kitambaa tu.

Kwenye mifereji ndipo pa kutumia muda wako. Vunja ringi kuukuu ya mfereji huohuo, kwa maana ringi ya mfereji mwingine huenda isilingane nao kwa upana au umbo, kisha ivute taratibu kuuzunguka mfereji. Kaboni hutoka kama vipande vya mkaa. Mara tu unapoona vumbi linalong'aa, acha, kwa sababu sasa unakwangua pistoni yenyewe. Matundu madogo yaliyo nyuma ya ringi ya oili yazibue kwa kekee ya saizi yake, ukiizungusha kwa vidole bila mashine. Mengi ya magari yanayokula oili yana matundu haya yaliyoziba, na mafundi wengi huyapita bila hata kuyatazama.

Mwisho, osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha kwa upepo wa kompresa ukiwa umevaa miwani, paka oili, kisha pima nafasi ya ringi mpya ndani ya mfereji kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) na ulinganishe na kitabu cha injini. Kagua pia nyufa karibu na tundu la pini.

SWALI: Gereji nyingi hapa Mombasa huoshea pistoni kwa petroli. Kuna ubaya gani?

JIBU: Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Mombasa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi ulikute jiko, swichi au cheche za mashine ya kuchomelea iliyo upande wa pili wa gereji. Tumia mafuta ya taa au dizeli, mbali na moto, na ukimaliza usiyamwage mtaroni: yahifadhi kwenye galoni lenye kifuniko na umpe anayekusanya oili chafu.