Unachora mawimbi kwa kompyuta? Ziweke fankisheni kwenye safu

Nimechora bahari nyingi kwenye skrini: za mandhari ya tovuti, za michezo midogo ya simu, za kufundishia fizikia. Kila mteja anaanza kwa kutaka wimbi moja, halafu anarudi. "Ongeza vijiwimbi vidogo juu yake." "Pale kulia patulie kidogo." "Mtu akigusa maji, yatoe duara." Kama hesabu zote umezirundika ndani ya sehemu ya kuchora, kila ombi la namna hiyo litakufanya ubomoe ukuta. Mimi sehemu yangu ya kuchora siigusi tena. Naongeza kitu kwenye safu, yaani orodha ya vitu ndani ya programu, basi.

Siri yenyewe, hapa kwa lugha ya JavaScript, ni fankisheni (kipande cha msimbo kinachopokea namba na kurudisha jibu) inayotengeneza fankisheni nyingine. Unaipa vipimo vya wimbi, yaani kimo, urefu, kipindi (muda wa mzunguko mmoja) na fezi (mahali mzunguko unapoanzia), nayo inakurudishia fankisheni inayojua swali moja tu: mahali x, wakati t, maji yamepanda kiasi gani?

```
const wimbi = (kimo, urefu, kipindi, fezi) => (x, t) =>
  kimo * Math.sin(2 * Math.PI * (x / urefu - t / kipindi) + fezi);

const bahari = [
  wimbi(18, 420, 5.0, 0),
  wimbi(7, 150, 3.0, 1.3),
  wimbi(3, 61, 1.9, 4.0),
];

const maji = (x, t) => bahari.reduce((jumla, f) => jumla + f(x, t), 0);
```

Kitanzi cha kuchora, yaani msimbo unaorudiwa kwa kila picha, kinaita `maji(x, t)` na hakijui ndani ya safu mna mawimbi matatu au thelathini. Wala hakina haja ya kujua.

Sasa ziangalie hizo namba, maana sikuzibahatisha, na hapa ndipo bahari nyingi za mtandaoni zinapoharibika. Gawanya urefu kwa kipindi upate mwendo: wimbi la kwanza linakwenda pikseli 84 kwa sekunde, la pili 50, la tatu 32 hivi. Kwenye maji ya kina kirefu, wimbi refu hulipita fupi. Urefu wa wimbi unakua kwa mraba wa kipindi chake: wimbi la sekunde 5 lina urefu wa mita 39 hivi, la sekunde 10 linafika mita 156. Ukiyapa mawimbi yote mwendo mmoja, umbo zima linateleza bila kubadilika, kama bati linaloburutwa nyuma ya uzio. Mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, ila atakwambia maji hayo ni ya bandia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuipunguzia fankisheni parameta, yaani vitu inavyopokea. Usimwachie mtu nafasi ya kuchagua kipindi. Kipatikane kwenye urefu:

```
const wimbiLaKina = (kimo, urefu, fezi) =>
  wimbi(kimo, urefu, 5 * Math.sqrt(urefu / 420), fezi);
```

Hiyo 5 na 420 ni kipimo changu cha skrini, chagua chako. Faida ni kwamba huwezi tena kuandika wimbi lisilowezekana, hata ukifanya kazi saa nane za usiku.

Fezi nayo ina mtego wake. Wengi hutaka iwe ya kubahatisha, jambo zuri, lakini `Math.random()` iitwe wakati wimbi linatengenezwa, yaani unapoipanga safu. Ikiingia kwenye fankisheni ya ndani, itaitwa upya kwa kila x na kila fremu (picha moja ya mfululizo), na badala ya bahari utapata mstari unaotetemeka kama mwenye homa. Ukiona maji yanatetemeka hivyo, anza kukagua hapo kabla ya mahali pengine popote.

Mtego mwingine unawapata wanaotengeneza mawimbi ndani ya kitanzi bila fankisheni ya kuzalisha nyingine kama `wimbi`. Kwenye Python ukiandika `[lambda x: math.sin(i * x) for i in range(1, 6)]`, zote tano zinakuwa wimbi moja, lile la mwisho, kwa sababu kila lambda (fankisheni fupi isiyo na jina) inamtafuta `i` wakati inapoitwa na si wakati ilipozaliwa. JavaScript ya `var`, neno la zamani la kutangaza namba kama `i`, ilikuwa na ugonjwa huohuo. Neno jipya `let`, lililoingia rasmi mwaka 2015, liliutibu kwa kuipa kila zamu `i` yake. Ukipitisha namba kama parameta ya `wimbi(...)`, tatizo halipo kwenye lugha yoyote kati ya hizo, kwa hiyo usipoteze muda kukariri kanuni.

Kuhusu wakati: tumia saa, usihesabu fremu. `requestAnimationFrame`, fankisheni ya kivinjari inayoitisha kila fremu, inakupa milisekunde. Gawanya kwa 1000 na hiyo ndiyo t. Ukihesabu fremu, simu yenye skrini ya 120 Hz (fremu 120 kwa sekunde) itaikimbiza bahari yako mara mbili ya ile ya 60 Hz.

Je, ni lazima safu iwe ya fankisheni? Hapa natofautiana na wanaoipenda mbinu hii kupita kiasi. Fankisheni ikishazaliwa inafunga namba zake ndani, huwezi kuichungulia ukajua kimo chake ni kipi. Kama mawimbi yako yote ni sini tupu na unataka vitelezi vya kubadilisha kimo wakati picha inaendelea, weka safu ya vipimo na fankisheni moja ya kuvisoma. Fankisheni kwenye safu zinalipa pale maumbo yanapotofautiana: sini hapa, wimbi lenye kilele kikali pale, na kule duara la jiwe lililotupwa majini. Hilo la jiwe lina kuzaliwa na kufa, kwa hiyo mimi huiweka fankisheni yake, inayozalishwa na `tone` kama mawimbi yanavyozalishwa na `wimbi`, pamoja na saa yake ya mwisho:

```
matone.push({ f: tone(xKidole, sasa), mwisho: sasa + 4 });
matone = matone.filter(d => d.mwisho > sasa);
```

Bila mstari wa pili, mtoto akichezea skrini kwa dakika kumi safu inajaa matone yaliyokwisha kutulia, na simu inabaki ikihesabu sifuri.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Miaka ya 1870 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya kutabiri maji kujaa na kupwa. Kila mvuto wa mwezi au jua ulipewa gurudumu lake, lenye kimo, kipindi na fezi yake, na uzi mmoja uliopita kwenye kapi zote ukajumlisha mwendo wa kila moja na kuusukuma mkono wa kuchorea. Ile ni safu ya fankisheni, `reduce`, inayojumlisha majibu yote, ikiwa uzi.

Ndiyo maana mazoezi ninayowapa wanaoanza si ya bahari bali ya maji ya pwani yetu. Mahali x haliko, ni t tu, kwa saa:

```
const mvuto = (kimo, kipindi) => t => kimo * Math.cos(2 * Math.PI * t / kipindi);
const pwani = [mvuto(1, 12.42), mvuto(0.5, 12)];
```

La kwanza ni la mwezi, la pili la jua. Chora jumla yake kwa siku 30. Mstari utavimba na kunywea, uvimbe na kunywea tena, kila baada ya siku 14.77 hivi: bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), bila mahali popote kwenye msimbo palipoandikwa neno bamvua. Ukitaka kujaa kwa asubuhi kupishane kimo na kwa jioni, kama ilivyo kweli, ongeza mvuto wenye kipindi cha saa 23.93 na mwingine wa 25.82, vyote vikiwa na kimo kidogo, na uiache sehemu ya kuchora kama ilivyo.