Rangi ya ZBrush inayotoka na ukungu

Uliyeuliza kwa nini kila ukipaka rangi kwenye ZBrush (programu ya kuchonga sanamu za 3D) uso wa sanamu unavimba, na mistari inatoka na ukungu: hayo ni mambo mawili tofauti.

Kuvimba ni kwa sababu Zadd, kitufe kinachofanya brashi iinue uso, bado imewashwa. Izime, acha Rgb, yaani rangi, peke yake. Usiache Mrgb, maana hiyo inabandika na materiali (namna uso unavyong'aa na kupokea mwanga) pamoja na rangi.

Ukungu sasa. Polypaint, yaani upakaji huu wa rangi moja kwa moja kwenye sanamu, haina picha nyuma yake. Rangi inakaa kwenye nukta za meshi yenyewe, ule wavu unaounda sanamu. Nukta zikiwa chache, hata brashi kali vipi itafifia. Bonyeza Ctrl+D uongeze ngazi, meshi igawanyike na nukta ziwe nyingi zaidi. Ukitaka ukali wa tekscha (picha ya rangi inayovishwa sanamu) ya 2048 kwa 2048, hiyo ni pikseli zaidi ya milioni 4, kwa hiyo meshi nayo iwe huko huko milioni 4. Kompyuta ikianza kulia, ongeza kwenye kichwa tu, viatu viache.

Halafu usihukumu rangi ukiwa kwenye ile materiali ya nta nyekundu ya mwanzo, inadanganya sana. Weka materiali ya SkinShade4, jaza nyeupe kwa FillObject, ndipo uanze.

Kumalizia, mimi napenda Mask By Cavity: mabonde yanafunikwa kwa maski, rangi isiyaguse. Geuza maski kwa Ctrl na kubofya pembeni pasipo na kitu, mabonde yabaki wazi, kisha pitisha kahawia iliyokolea kwa Rgb Intensity (nguvu ya rangi) ya 15 hivi. Makunyanzi yote yanajitokeza yenyewe.