Uliolewa na mchungaji au na usharika?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mke wa mchungaji wa Kilutheri, usharika mmoja hapa Arusha mjini. Tumehudumu hapa miaka tisa. Mwezi uliopita mume wangu alipata barua ya uhamisho kwenda Loliondo na akakubali bila hata kunishirikisha. Aliponiambia nilikuwa natoka kwenye vikoba nimechoka, nikamwambia tutaongea. Jumapili yake ikatangazwa. Usharika mzima unalia. Akina mama wananiuliza, mama, unatuacha na nani?*

*Nina duka la vitenge karibu na Soko Kuu. Watoto nao wako shule, mkubwa kidato cha pili, wote bweni kule Moshi, siwezi kuwavuruga. Nimemwambia mwenzangu atangulie, mimi nipange nyumba Sakina, hapahapa mjini, niwe namtembelea. Hajibu. Siku hizi akitoka ofisini anaingia kanisani anakaa peke yake mpaka usiku, ananikwepa. Mama mkwe kaja kutoka Machame, akaniuliza mbele ya dada wa kazi: "Kwani wewe uliolewa na mwanangu au uliolewa na usharika?" Nililia sana.*

*Halafu nasikia mke wa mchungaji anayekuja ni kabinti tu, hata kuongoza maombi hajui, na wameshaanza kumshonea sare. Sisi tunaandaliwa friji, wakati waliotutangulia walipewa ng'ombe wa maziwa. Shangazi, huyu mwanaume si mbinafsi? Na pazia nilizonunua mwenyewe niziache au ning'oe? Mama Mchungaji, Arusha.*

Marahaba mwanangu, na pole. Mke wa mchungaji hana barua ya ajira wala mshahara, lakini msiba ukitokea saa nane za usiku ni mlango wake unaogongwa. Analea watoto kwenye nyumba isiyo yake, anapanda maua kwenye uwanja usio wake, na siku ikifika anapakia vyombo kwenye lori kwa sababu ya barua ambayo haikuandikwa kwa jina lake. Hayo yanauma, na pole hiyo ninayokupa ni ya dhati. Itunze, maana nyingine sina.

Sasa tuisome barua yako pamoja.

Unasema mumeo alikubali bila kukushirikisha. Sentensi inayofuata unasema alikuambia, ukamjibu mtaongea. Mkaongea lini? Kutoka siku ile ya vikoba mpaka Jumapili ya tangazo kulikuwa na usiku kadhaa, na nyumba ya mchungaji ninavyoifahamu ina chumba kimoja cha baba na mama. Yeye alileta neno, wewe ukaliweka kiporo, lilipochacha ukasema hukupewa. Mwanangu, hapo mumeo simtupii jiwe.

Unasema watoto watavurugika. Watoto gani hao? Walioko bweni Moshi? Hao baba akiwa Arusha wako bweni, baba akiwa Loliondo wako bweni, na hata mkihamia mwezini kengele ya kuamka itawagonga saa kumi na moja kama kawaida. Kitakachobadilika kwao ni nauli ya likizo. Ungeniandikia una mtoto mchanga mwenye pumu, au una mzazi mgonjwa anayehudhuria kliniki KCMC, ningekaa upande wako mpaka mwisho wa ukurasa. Lakini hukuandika hivyo. Umewatanguliza watoto mbele kama ngao, nao wenyewe hawapo hata nyumbani.

Kinachokuuma nimekiona chini kabisa ya barua, pale ulipofika kwenye sare. Mambo ya mume umeyaandika kwa kifupi. Ya kabinti yameshuka kwa mteremko. Hajui kuongoza maombi, anashonewa sare, na wewe unapewa friji. Mwanangu, unachokilalamikia ni kiti. Kile kiti cha mbele upande wa kulia, ambacho ukichelewa hakuna anayekikalia. Miaka tisa umeitwa Mama na watu wanaokuzidi umri, umekatiwa keki ya kwanza kila harusi, na ukipita sokoni fundi viatu anasimama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe umesifiwa mno. Hata lile swali la akina mama, "unatuacha na nani," umelichukua kama ushahidi. Lile ni swali la kuagia. Hata mchungaji aliyewatangulia ninyi aliulizwa hivyohivyo, kwa sauti hiyohiyo, na wiki mbili baadaye walikuwa wanakupigia vigelegele wewe.

Nirudi kwa huyo unayemwita mbinafsi. Kwani aliomba kuhama? Kwenye barua yako sijaona. Mchungaji wa Kilutheri ni wa dayosisi, usharika unaazimwa tu. Wewe ulijua hivyo siku unavalishwa shela. Tangu makanisa saba yalipoungana mwaka 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, na hata kabla ya hapo, kuhamishwa ni sehemu ya kazi yenyewe, kama ilivyo kwa mwalimu wa serikali na askari polisi. Ungetaka mchungaji asiyehama ungeolewa na yule mwenye kanisa lake mwenyewe, jengo lake, spika zake na jina lake kwenye bango. Wapo wengi hapo mjini. Ulichagua mwenye joho jeusi na barua ya askofu, basi barua ndiyo hiyo.

Na hii habari ya kukaa kanisani peke yake mpaka usiku. Umesema anakukwepa. Mimi nimesoma barua yako mara ya pili nikaona mwanaume anayelia mahali pekee ambapo hakuna atakayemwona. Wewe unaliliwa na akina mama, unakumbatiwa, unaletewa mikungu ya ndizi na maneno matamu. Yeye nani kamkumbatia? Mbele ya madhabahu ile amebatiza watoto ambao leo wanaimba kwaya ya watoto. Amezika wazazi wao. Wazee wa kanisa wanamletea daftari la makabidhiano asaini: idadi ya viti, funguo za stoo, muhuri, vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Akirudi nyumbani kutafuta bega anakuta mkewe ameshapanga nyumba Sakina. Na mimi ningebaki kanisani.

Mama mkwe wako naye unataka nimkemee. Siwezi. Kwamba aliyasema mbele ya dada wa kazi, hapo alikosea. Maneno ya aina hiyo mtu huitwa chumbani. Lakini swali lenyewe natamani ningeliuliza mimi. Mwanamke aliyeshuka kutoka Machame kwa basi, kwa umri huo, hakuja kukutukana. Amemwona mwanawe amekonda. Ulilia sana, umesema. Na jibu ulimpa?

Ndoa za siku hizi zimenichosha na hiki kitu cha "tangulia, nitakuwa nakutembelea". Baba Dodoma kikazi, mama Arusha na biashara, watoto bweni Moshi, mbwa ndiye anayeishi nyumbani. Mnaita hayo maendeleo. Asubuhi "umeamkaje", jioni "umeshindaje", katikati picha ya sahani ya chakula, na bando likiisha na ndoa inakaa kimya mpaka mtu atie vocha. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Najua wapo wanaotenganishwa na kazi kwa lazima, muuguzi kapangiwa Kigoma na mumewe ni dereva wa utalii hapa, hao nawaombea na wala siwacheki. Ila wewe hakuna aliyekutenganisha. Unajitenganisha mwenyewe, halafu unataka usharika ushuhudie kwamba uliachwa. Na kumbuka ni mchungaji huyo. Atasimamaje Loliondo kuwafunga watu pingu za maisha wakati za kwake, upande wa pili mwenzake ameufungia Sakina? Waumini wa kule wana macho. Watamuuliza mkewe yuko wapi mwezi wa kwanza kwa heshima, mwezi wa tatu kwa wasiwasi, na mwezi wa sita hawatamuuliza tena, watakuwa wameshajijibu.

Utasema Loliondo ni mbali. Ni mbali, sikatai. Unashuka Mto wa Mbu, unaambaa Engaruka, unapita chini ya Ol Doinyo Lengai, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Lakini nikukumbushe mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu mwenyewe, sasa ni marehemu, alipokuwa kijijini Samunge, kulekule Loliondo, anatoa kikombe cha dawa kwa shilingi mia tano, nusu ya Arusha ilikuwa barabarani hiyohiyo. Watu walilala kwenye magari siku na siku, wengine na wagonjwa wao mapajani. Mawaziri walienda. Hakuna aliyesema mbali. Kumbe tukifuata kikombe Loliondo ni karibu, tukimfuata mume ni mwisho wa dunia!

Na injili unayoihubiri wewe na mwenzako ilifika Meru kwa watu waliohama. Wamisionari wawili, Ovir na Segebrock wa Misheni ya Leipzig ya Ujerumani, waliuawa pale Akeri mwaka 1896, muda mfupi tu baada ya kufika, na bado wenzao walirudi. Sikuambii ukafe. Nakuambia kule Loliondo kuna hospitali Wasso, kuna soko, na kuna wanawake wanaosubiri mama mchungaji aje awaonyeshe namna ya kuendesha vikoba.

Maana duka lako sikuambii ulifunge. Hapo ulipoliandika ni pale pekee nilipokuona mtu mwenye akili ya kazi. Usimwachie "ndugu" kwa maneno ya mdomo. Hesabu mzigo uliopo, andikeni, saini ziwekwe, mwuzaji alipwe mshahara unaojulikana, na kila mwisho wa mwezi apige picha ya daftari akutumie. Wewe uwe unashuka kuchukua mzigo mpya na kupeleka Wasso. Ila kabla ya kubeba vitenge, nenda ukaangalie kwanza wanawake wa kule wanavaa nini. Huenda ukajikuta unauza shuka zaidi ya vitenge, na faida ikakufundisha kuipenda barabara.

Sasa huyo kabinti. Unamjua? Umemwona? Umesikia tu. Na wewe miaka tisa iliyopita ulikuwa nani, kama si kabinti ambaye akina mama walimpima kwa macho kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu? Hebu mfanyie jambo ambalo hakuna kamati itakayokuagiza. Chukua daftari la kurasa mia, kaa mezani jioni moja, uandike yale unayoyajua wewe peke yako. Bibi fulani, nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga, hamezi dawa mpaka apewe uji kwanza, na uji usiwe na sukari. Mjane fulani hapendi kutembelewa Jumamosi kwa sababu ndiyo siku mwanawe mlevi anakuja. Kijana fulani wa kwaya ya vijana ukimwona hajaja wiki mbili mfuate, kwao kuna shida. Nani hazungumzi na nani, na wasikalishwe benchi moja siku ya chakula cha pamoja. Mumeo atakabidhi muhuri na vitabu. Hayo mengine hayamo kwenye vitabu vyake, yamo kichwani mwako, na ukiondoka nayo kwa kinyongo anayeumia ni yule bibi wa uji.

Ukishamkabidhi, toka. Namaanisha kwenye yale makundi ya simu: la wanawake, la kwaya, la kamati ya ujenzi. Utoke mwenyewe, kwa salamu nzuri, kabla hujaanza kuuliza "eti Jumapili aliongoza nani". Atakayekupigia kukuambia kabinti kachemsha kwenye maombi, mwambie mtandao unakatika. Wala hutakuwa umedanganya sana, ukiwa bondeni kule huwa unakatika kweli.

Na kama kuna mama mmoja pale usharikani hamjasalimiana vizuri tangu ule uchaguzi wa viongozi, maana sijaona usharika usio na uchaguzi wa namna hiyo, usiondoke hivyo. Mkwe wako wa Machame anajua jani la sale linavyopelekwa mtu akitaka kuomba msamaha, na kwa Wachaga mwenye kupelekewa sale hakatai. Muulize akufundishe. Mtapata pa kuanzia kuzungumza, wewe na yeye.

Siku ya ibada ya kuaga kaa karibu na mumeo. Usikae na kwaya, usikae jikoni kusimamia pilau. Ukipewa kipaza sauti sema asante, sema tuombeeni, kaa chini. Hotuba ya "nimewajengea" usiitoe. Friji pokea kwa mikono miwili na upige goti. Ng'ombe wa maziwa ungempandishaje lori mpaka Loliondo, na unahamia kwenye nchi ya watu wenye ng'ombe?

Leo jioni akichelewa tena, usimpigie simu. Weka chai kwenye chupa, chukua vikombe viwili, umfuate hukohuko kanisani. Usianze na Sakina. Muulize ile barua ilisemaje, akusomee.

Kuhusu pazia: ulizonunua kwa pesa yako ya vikoba ni zako, ng'oa, fua, uende nazo. Vyuma vya pazia ni vya usharika, viache ukutani. Na skrubu zake.