Jibu: Drili ya bei nafuu kwa ukuta wa mawe na kazi za nakshi

Ndugu, umeuliza kama drili moja ya bei nafuu itakutosha kutundika rafu kwenye ukuta wa mawe hapo Kisumu na pia kuchonga nakshi kwenye mbao. Kwa maoni yangu hizo ni kazi za mashine mbili tofauti, na ningeanza na drili.

Chukua ya waya, yenye kipigo cha nyundo (biti hugonga huku ikizunguka) na nguvu ya wati 500 hadi 750, kwa sababu zile za betri za bei ya chini huchoka haraka kwenye zege. Ukipita soko la Kibuye kutafuta iliyotumika, omba iwashwe mbele yako, usikilize kama inakwaruza, utazame cheche kupitia matundu ya hewa (zikiwa nyingi, mara nyingi brashi za kaboni, yaani vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka, zimeisha, nazo hubadilishwa kwa urahisi), kisha usome kibandiko, kwa kuwa iliyoandikwa volti 120 ilitengenezewa soko kama la Marekani na itaungua kwenye umeme wetu wa volti 240. Mimi niliwahi kukipuuza kibandiko hicho, nikanusa moshi kabla ya tundu la kwanza kukamilika.

Mashine ndogo ya kuchongea huweza kuzunguka mara 30,000 kwa dakika, lakini haina nguvu ya kutoboa ukuta. Inunue baadaye, pamoja na miwani ya kukinga macho. Kwa sasa, pesa itakayobaki iweke kwenye biti za ukutani zenye ncha ya kabaidi, yaani ncha ngumu kuliko chuma cha kawaida.