AC ya gari la zamani Mombasa: anzia mbele ya rejeta, si kwenye dashibodi

Mwenye Peugeot 504, Mercedes W123, Datsun 1200 au Morris Minor akiamua kufunga AC, jicho lake hukimbilia vitundu vya upepo: vitakaa vizuri, au vitaharibu sura ya dashibodi? Swali lina haki yake, ila si la kwanza. La kwanza kwa Mombasa ni hili: gari likisimama kwenye foleni ya feri Likoni saa nane mchana, mwezi wa Februari, upepo umekufa na lori la mbele linakupulizia moshi, joto linalotolewa ndani litamwagwa wapi? AC haitengenezi baridi. Hubeba joto na kulitupa nje, na pa kulitupia ni kondensa iliyo mbele ya rejeta. Hiyo ikishindwa, kompresa (pampu inayosukuma gesi) ya bei yoyote haitakusaidia.

Jambo la pili ni unyevu wetu. Hewa ya pwani imejaa maji, na kuling koili, ile koili ya baridi iliyo chini ya dashibodi, hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuyakamua badala ya kuipoza hewa yenyewe. Gari likizungushwa mjini msimu wa kaskazi, hata lita nzima ya maji kwa saa si ajabu. Ndiyo maana usitupe pesa kwenye vile visanduku vya feni na maji vinavyouzwa kama AC ya bei nafuu. Vinapoza kwa kuvukiza maji, kazi inayowezekana jangwani kwenye hewa kavu. Hapa vinaongeza fukuto tu.

Seti ipi?

Ziko seti za kuning'inizwa chini ya dashibodi, ziko za kufichwa nyuma yake, na iko njia ya kuunganisha vipande vya gari la Kijapani lililokatwa. Kwa Minor, Datsun au Corolla za miaka ya 70, ya kuning'inizwa ndiyo tunayoipendekeza. Haikati dashibodi, hung'oka bila kuacha kovu, na mzunguko wake wa hewa ni mfupi: huvuta hewa iliyokwisha kupoa ndani ya gari na kuirudisha, badala ya kuingiza unyevu mpya kutoka nje. Kabla ya kulipa, kata boksi la kadi lenye vipimo vya kuling koili, libandike mahali pake, kisha ukae na kukanyaga klachi. Goti likigusa, seti hiyo si yako.

Kwa 504 na W123, tafuta kwanza vyuma vya asili, maana katika nchi kadhaa magari hayo yaliuzwa na AC ya kiwandani. Bano la kompresa (chuma kinachoishikilia kwenye injini) na pulli ya kreki yenye mfereji wa ziada vikipatikana, umeepuka kazi inayoharibika kuliko zote, yaani bano la kuchomelea. Bano likipinda hata milimita mbili, mkanda hulia, huchanika, na beringi ya klachi hufa mapema.

Volkswagen Beetle ni habari nyingine. Haina rejeta, injini iko nyuma na inapozwa kwa hewa. Kondensa yake lazima iwe na feni yake na iwekwe mbali na matundu ya kifuniko cha injini, la sivyo utailisha injini hewa ya moto.

Vipande vya gari lililokatwa huleta akiba, lakini nunua kuling koili, feni na swichi tu. Kondensa, draya (kichujio kinachonyonya unyevu ndani ya mfumo) na hosi ziwe mpya. Kondensa iliyokaa wazi hujaa vumbi la ndani, na chumvi ya bahari huwa imekwisha kula mapezi yake. Shika mapezi kwa kidole: yakimong'onyoka kama biskuti, ondoka.

Kuhusu kompresa za umeme za volti 12: zinavutia kwa sababu hazihitaji mkanda wala bano, ila hunywa ampia 60 hadi 80, nyingine zaidi. Gari la zamani halina umeme huo.

Kondensa na feni

Pima nafasi iliyo mbele ya rejeta, upana kwa urefu, ununue kondensa kubwa kuliko zote zitakazoingia hapo. Chagua ile ya mirija bapa inayopitisha gesi kwa njia nyingi sambamba, si ile ya kizamani yenye bomba moja linalojikunja kama nyoka. Ya kizamani ilitengenezwa wakati wa R12, gesi ya AC za zamani. Ukiitia R134a, gesi iliyoirithi, presha ya juu hupanda, na kwenye foleni AC hugeuka hita.

Iache milimita 6 hadi 25 kati yake na rejeta, kisha ziba kingo zote kwa sponji. Mafundi wengi huiruka hatua hii. Hewa ni mvivu: ukiiachia upenyo pembeni, haitajisumbua kupita kwenye mapezi. Usikubali pia kondensa ifungwe kwa zile nyuzi za plastiki zinazotobolewa kupitia mapezi ya rejeta, kwa sababu mtikiso wa barabara huzifanya zikate mirija taratibu. Tumia mabano ya chuma yenye raba.

Feni ikae nyuma ya rejeta ikivuta, yenye mfuniko unaoziba uso wote wa rejeta. Ikikosa nafasi, weka mbele ikisukuma, ukijua utapata upungufu. Kuijaribu ni rahisi: gari likiwa limesimama na feni inazunguka, weka karatasi ya daftari mbele ya kondensa uiachie. Ikinasa hapo, sawa. Jaribu pembe zote nne. Ikianguka upande mmoja, kuna upenyo au mfuniko ni mdogo. Wenye Morris Minor wakumbuke kwamba gari lao ni la pozitivu kwenye bodi, yaani waya chanya wa betri ndio ulioungwa kwenye bodi: feni ikiungwa kama ya magari ya leo itazunguka kinyume, na karatasi itakuambia.

Kila mwezi, suuza kondensa kwa maji baridi yasiyo na presha kali. Maji yawe matamu. Maji ya kisima cha chumvi yanayotumika kuoshea magari mitaa mingi ya hapa hula alumini, hata kama gari linaonekana kung'aa.

Umeme na nguvu ya injini

Hesabu kabla ya kununua. Klachi ya kompresa hutumia ampia 4, feni ya ndani 10 hadi 15, feni ya kondensa ya inchi 12 nyingine 8 hadi 15. Jumlisha taa, waipa na koili. Dainamo ya Lucas C40 hutoa ampia 22, na altaneta ya Lucas 17ACR hutoa 36, tena kwa mwendo, si kwenye sailensa (injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta). Weka altaneta ya ampia 60 au 70. Kila feni iwe na rilei na fyuzi yake, waya wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye betri, na waya mnene wa bodi. Volti zikishuka, klachi huteleza na kuungua. Fundi atalaumu kompresa, kumbe kosa ni waya.

Kuhusu kompresa yenyewe, ukubwa si sifa. Sanden ya cc 138 hadi 155 inafaa injini ya lita 2. Kwa injini ya cc 1100 hadi 1300 tafuta ya cc 87 au 108, na uongeze kile kifaa cha vakyumu kinachoinua sailensa klachi inaposhika, kwa kuwa karbureta haijui kujirekebisha. Tundu la oili la kompresa lisilale chini kupita mlalo wa upande. Kompresa mpya huja na oili yake, kwa hiyo usiongeze bila kusoma kibandiko: oili ikizidi hufunika kuta za kuling koili na kupunguza ubaridi.

Gesi

Tumia R134a. Atakayekuambia gari la zamani linataka R12 anakupeleka kwenye mtungi usiojulikana una nini. R12 iliondolewa sokoni kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, na utengenezaji wake katika nchi zinazoendelea ulipaswa kukoma mwaka 2010. Kuna pia wanaojaza gesi ya kupikia. Inapoza kweli, lakini inawaka, na kuling koili iko ndani ulimokaa na watoto. Ikataeni.

Mfumo wa zamani wa R12 ukiufufua, mimina oili yote ya madini, safisha mabomba, tia oili ya PAG au ya esta inayokubaliana na kompresa, badilisha pete zote za raba na draya. Hosi ziwe zile zenye utando wa ndani unaozuia gesi kupenya. PAG hunyonya unyevu wa hewa kwa kasi, kwa hiyo kopo likifunguliwa Mombasa lifungwe papo hapo. Draya itolewe vifuniko mwisho kabisa, dakika za mwisho kabla ya pampu ya vakyumu, ile inayonyonya hewa na unyevu mabombani, kuwashwa. Ikikaa wazi usiku kucha, tayari imeshiba maji.

Vakyumu ivutwe angalau dakika 45, geji isome karibu inchi 29 za zebaki. Hapa kwenye usawa wa bahari, kwa joto la digrii 30, maji huchemka geji ikifika takriban inchi 28.7, nayo yakichemka hutoka. Funga valvu, subiri nusu saa. Sindano ikirudi, kuna tundu, na hakuna gesi itakayotiwa hadi lipatikane. Fundi anayetia gesi bila pampu aachwe.

Gesi ipimwe kwa mizani, si kwa kuangalia povu kwenye kioo cha draya, kwani kioo hicho hudanganya kwa R134a. Seti nyingi za aina hii huchukua gramu 700 hadi 900. Fuata maandishi ya mtengenezaji. Ukimaliza, zungusha uso wa klachi kwa mkono mara kumi au zaidi kabla ya kuiwasha, ili kimiminika kilichoingia kisivunje valvu.

Kwa joto la digrii 32, injini kwenye mizunguko 1,500, upande wa presha ya chini usome psi 30 hadi 45 na wa presha ya juu 200 hadi 240. Wa juu ukipita 300 gari likiwa limesimama, halafu ukishuka ukimwaga maji kwenye kondensa, tatizo ni upepo usiopita vya kutosha kwenye kondensa, na kuongeza gesi kutazidisha balaa. Weka swichi ya presha ya kazi tatu: izime kompresa gesi ikipungua, iizime presha ikizidi, na iwashe feni kati yake. Kipimajoto kwenye kitundu cha katikati kikisoma digrii 8 hadi 12, furahi. Anayekuahidi 4 mchana wa Mombasa ndani ya gari lenye vioo vingi hajalipima.

Baridi hiyo ilindwe. Matundu ya zamani ya kebo kwenye ukuta wa injini na raba za milango zilizochakaa huingiza unyevu kila sekunde, na kuyaziba ni bei ndogo kuliko kununua kompresa kubwa zaidi.

Jambo la mwisho ni bomba la maji la kuling koili. Literemke moja kwa moja bila kona ya kupanda, lipite sakafuni, mdomo wake uwe mbali na eksozi. Baada ya dakika kumi za AC, inama utazame chini ya gari. Yanapodondoka kwa mfululizo, vizuri. Pakiwa pakavu, inua kapeti ya upande wa abiria siku hiyo hiyo, kwa sababu maji yanakaa kwenye bati, na sakafu ya gari la miaka ya 70 haipatikani dukani.