Wasifu wa Babu Jaji Umechafuliwa Wikipedia, Nifanyeje?

SWALI: Dada za kazi, pole na majukumu. Mi nakusoma toka huku Moshi, Rau. Babu yangu mzaa mama ni jaji mstaafu, Mungu amemjalia bado yupo, na ana ukurasa wake Wikipedia, wa Kiswahili na wa Kiingereza pia. Juzi kati binamu yangu katuma skrinishoti kwenye grupu la ukoo, kuna mtu kaandika eti babu "alistaafishwa kwa tuhuma za rushwa", ushahidi hakuna, na juu kidogo wameandika aliteuliwa jaji wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1976. Mama alilia sana. Basi nikaingia nikafuta ukurasa wote nikaandika upya historia ya kweli kama babu mwenyewe anavyotusimuliaga, kwamba ni mwadilifu, alipendwa na wote, alitembea peku kwenda shule, hajawahi kukosea hukumu. Haikufika hata jioni wakarudisha ya zamani. Nikaweka yangu tena, wakafuta tena, sasa nimetumiwa ujumbe kwamba nikiendelea nafungiwa akaunti. Dada, watu ambao hata hawajawahi kumwona babu wananiambia mimi simjui? – Mjukuu, Moshi

JIBU: Mdogo wangu pole sana, na mama mpe pole nyingi, maana kusoma kitu kama hicho kuhusu mzazi wako kinaumiza na hakuna wa kukuambia usiumie.

Tuanze na hilo la rushwa kwa sababu ndo la haraka. Sentensi hiyo una haki kabisa ya kuitoa, leo hii, huna haja ya kuomba ruhusa kwa mtu. Wikipedia ya Kiingereza ina sera yake maalumu ya wasifu wa watu walio hai, inasema jambo baya kuhusu mtu aliye hai likiwa halina chanzo cha kuaminika linaondolewa papo hapo, halisubiri mjadala. Na sera hiyo ilizaliwa na machungu kama haya ya kwenu. Mei 2005 mtu mmoja aliingia kwenye wasifu wa mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, akaandika kwamba mzee huyo alishukiwa kuhusika na mauaji ya John Kennedy na ya mdogo wake Robert, uongo mtupu, na ukakaa pale kama miezi minne hivi dunia inasoma. Mzee wa watu alikuwa msaidizi wa Robert Kennedy na ni mmoja wa waliobeba jeneza lake. Baada ya sakata lile Wikipedia ya Kiingereza ikazuia watu wasio na akaunti kuanzisha makala mpya, na masharti ya kuandika habari za watu walio hai yakakazwa.

Sasa kwanini wewe umefutwa wakati una haki? Kwa sababu ulichanganya mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Fungua ukurasa wa babu halafu bonyeza Historia pale juu, utaona orodha ya mabadiliko yote, kila mstari una saa, tarehe na jina la akaunti, chagua mistari miwili ulinganishe, utaletewa matoleo mawili yamesimama ubavu kwa ubavu na kilichofutwa kimewekewa rangi. Mtu anayelinda kurasa anaangalia hapo tu, anaona akaunti ya jana imefuta ukurasa mzima, na vyanzo vilivyokuwemo vimeondoka, mahali pake pamekuja "alipendwa na wote, hajawahi kukosea hukumu". Hajui kama we ni mjukuu au ni muhuni, anarudisha. Ungetoa ile sentensi moja peke yake, na kwenye kile kiboksi cha muhtasari ukaandika "Nimeondoa tuhuma isiyo na chanzo kuhusu mtu aliye hai", asilimia kubwa ingebaki imetoka. Kule kwenye Kiingereza kuna sheria kwamba ukirudisha rudisha zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 unafungiwa, lakini kuondoa kashfa ya wazi kuhusu mtu aliye hai hakuhesabiwi humo. Ila usiegemee hapo, toa mara moja, kisha ripoti kwa wasimamizi. Huku kwenye Kiswahili wasimamizi ni wachache na wanajitolea tu, waandikie kwa adabu, na subira iwepo.

La pili, 1976. Hapa umenifurahisha bila kujua, kwa sababu hilo kosa unaweza kulivunja kwa tarehe tu, hata maneno mengi hayahitajiki. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianza 1979. Kabla ya hapo rufaa zetu zilikuwa zinaenda kwenye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ile iliyokuwa ya Kenya, Uganda na sisi, na Jumuiya ilipovunjika 1977 nayo ikafa. Kwa hiyo hakuna mtu aliyeteuliwa kwenye Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1976, haiwezekani. Inawezekana mwaka huo ndo aliingia Mahakama Kuu na mwandishi akachanganya, sasa muulize babu, halafu ukishapata jibu nenda katafute karatasi. Uteuzi wa majaji unatangazwa, Gazeti la Serikali lipo, magazeti ya zamani yapo, nenda maktaba ya mkoa hapo Moshi kaulize. Ukiwa na toleo na tarehe, kazi imeisha.

Na ukiwa kwenye karatasi hizo tazama babu alistaafu akiwa na umri gani. Katiba yetu inasema jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akifika miaka 60, wa Rufani miaka 65, na anaweza kuomba kutoka miaka mitano kabla. Watu wengi hawalijui hili, jaji akitoka kazini bado ana nguvu zake wanaanza kunong'ona. Kumwondoa jaji kwa utovu wa maadili siyo jambo la kufanyika kimyakimya, Katiba inataka Rais aunde Tume, na lazima humo kuwe na majaji au waliowahi kuwa majaji kwenye nchi za Jumuiya ya Madola. Mchakato kama huo unaacha nyaraka. Anayedai "alistaafishwa" azilete.

Sasa nakuja kwenye swali lako lenyewe, na nitakuambia bila kukuficha. Hawasemi humjui babu yako. Wanachosema ni kwamba msomaji wa Songea, au wa Mombasa, hana namna ya kuhakiki ulichosimuliwa ukiwa umekaa na babu barazani. Wikipedia haipokei simulizi ya ndani hata kama ni ya kweli tupu, inapokea kilichochapishwa mahali penye mhariri. Halafu wewe ni damu yake, una maslahi, na mtu mwenye maslahi anashauriwa sana asihariri mwenyewe mambo ya maana, aende ukurasa wa Majadiliano aseme yeye ni nani na aombe wengine waandike. Fikiria babu mwenyewe, angeletewa kesi ya mjukuu wake angejitoa. Na kama familia mnafikiria kumlipa kijana wa stationari awaandikie, ajue masharti ya Wikipedia tangu 2014 yanamtaka atangaze hadharani kwamba analipwa na nani amlipaye.

Andika Majadiliano hivi, badilisha tu yanayokuhusu: "Mimi ni mjukuu wa jaji huyu hivyo sitahariri tena mwenyewe. Naomba mambo mawili yarekebishwe. Moja, mwaka wa uteuzi Mahakama ya Rufani si sahihi, mahakama hiyo ilianza 1979, chanzo cha mwaka sahihi ni hiki hapa. Mbili, tuhuma za rushwa hazina chanzo, naomba zisirudishwe." Basi. Usimtukane aliyekufuta. Usimtishe kwamba baba mdogo wako ni wakili.

Na ule wasifu ulioandika wewe, nimeusoma wote ulioniambatanishia, umejaa upendo lakini jaji simuoni. Sijaona hata kesi moja! Miaka yote ile kwenye benchi, alizungumza nini kuhusu ardhi, kuhusu mirathi ya wajane, kuhusu dhamana? Hicho ndicho kitu ambacho mtoto wa sheria atakitafuta. Ukitoa "mwadilifu" na "mahiri" na ukaweka hukumu moja ambayo vitabu au magazeti yameijadili, umemheshimu zaidi. Hukumu nyingi zipo bure TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, unasachi jina la jaji unasoma. Ila angalia mambo mawili. Rufaa kwa kawaida inasikilizwa na majaji watatu, kwa hiyo usiandike "babu aliamua" wakati alikuwa mmoja wa jopo, soma mwisho uone nani kasaini, na kama aliandika maoni yake tofauti hapo ndo useme ni yake. Halafu kwenye hukumu mle kuna majina ya watu wa kawaida, walalamikaji, mashahidi, watoto. Hao usiwabebe kuwapeleka Wikipedia, walienda mahakamani kutafuta haki, hawakwenda kutafuta kujulikana.

SWALI: Mimi nipo Njiro, Arusha, nasoma sheria mwaka wa pili. Kurasa za Kiswahili za majaji waliokaa mahakama za hapa kwetu ni fupi mno, nyingine mistari miwili. Naruhusiwa kutafsiri za Kiingereza?

JIBU: Unaruhusiwa, na nakuomba ufanye, tena ukawavute na wenzako darasani. Inaniuma kwamba mambo makubwa ya sheria ya dunia yametokea hapa mjini na mtoto wa Ngarenaro akitaka kuyasoma kwa lugha yake hakuti kitu. Leseni inakuruhusu, sharti lake useme ulikotoa, kwenye muhtasari andika "Tafsiri kutoka makala ya Kiingereza" na uweke linki yake. Usikopi na kupesti toka mashine ya kutafsiri, soma uelewe uandike.

Kuwa makini na majina ya mahakama, watu wa Arusha wenyewe wanazichanganya. Ile ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ICTR, ilikuwa ya Umoja wa Mataifa, ikaundwa Novemba 1994, ikakaa AICC, kile kituo cha mikutano cha kimataifa hapa Arusha, ikafungwa 31 Desemba 2015, na mabaki ya kazi yake yapo Lakilaki kule Arumeru. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ni ya Umoja wa Afrika, na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ni ya Jumuiya. Tatu tofauti. Mcheki marehemu Jaji Augustino Ramadhani, alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, baadaye Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, halafu akawa Rais wa Mahakama ya Afrika hapa Arusha 2014 mpaka 2016. Ukikosea neno moja pale umempa cheo cha mtu mwingine.

Na lile la jopo nililomwambia mwenzako wa Moshi linakuhusu pia. Hukumu ya ICTR dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya huko Rwanda, ya 2 Septemba 1998, ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari na iliyosema ubakaji unaweza kuwa kitendo cha mauaji hayo, wengi wanaiandika kama ya Jaji Navi Pillay wa Afrika Kusini peke yake. Aliyeongoza benchi ni Laïty Kama wa Senegal, na pamoja nao alikuwepo Lennart Aspegren wa Sweden. Mchango wa Pillay ni mkubwa na una vyanzo vyake, hati ya mashtaka ilirekebishwa Juni 1997 kuongeza ukatili wa kingono baada ya mashahidi wanawake kuyasema mahakamani, na yeye alikuwa jaji mwanamke kwenye benchi lile. Andika hayo yote, na wale wawili wataje.

SWALI: Nina picha ya jaji nimeitoa kwenye gazeti, inafaa kuweka?

JIBU: Haifai, ni mali ya gazeti au ya mpiga picha, na ya tovuti ya mahakama hali kadhalika. Uliyoipiga wewe mwenyewe kwa simu yako kwenye shughuli ya wazi inafaa, iweke Wikimedia Commons, ghala la picha zinazotumika Wikipedia, kwa jina lako, andika mahali na tarehe, halafu uiite kwenye makala. Kama ni ya albamu ya familia, anayetakiwa kuruhusu ni aliyepiga, siyo aliyepigwa, kwa hiyo muulizeni kwanza nani alishika kamera.