Fyuzi ya amplifaya: dhiraa moja kutoka kwa betri

Tulikuwa tumeshaipita Awasi, tunaanza kupanda kuelekea Kericho, shemeji aliponigusa bega kutoka kiti cha nyuma. "Shemeji, hii harufu ya plastiki ni yetu ama ni ya ile lori?" Mbele yetu kulikuwa na lori likifuka moshi mweusi, nikalisingizia. Haikupita dakika, moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi.

Nilisimama kando, nikafungua boneti. Kwa bahati spana namba 10 ilikuwa mfukoni mwa mlango, nikaichomoa terminali hasi ya betri huku vidole vikitetemeka. Waya mwekundu wa amplifaya ulikuwa umepitishwa kwenye tundu la bati bila raba. Bati lilikuwa likiuguguna taratibu miezi yote ile, mpaka shaba ikagusa bodi ya gari, ambayo imeungwa na upande hasi wa betri. Na fyuzi je? Nzima kabisa, ndani ya buti, kando ya amplifaya, pale pale fundi alipoiweka.

Siku ya kufunga muziki huo nilikuwa nimemwuliza kuhusu fyuzi, naye akanijibu, "Bosi, fyuzi si iko? Washa uone." Kweli ilikuwepo. Lakini umeme unatoka kwa betri. Ukipata pa kugusa bodi huku mbele, hauna sababu ya kusafiri hadi buti kwanza, na betri ya kawaida ya gari ikipigwa shoti inaweza kumwaga mamia ya ampea. Amplifaya nyingi huja na fyuzi zao ndogo ubavuni, na hizo ndizo za kuilinda yenyewe. Hii kubwa ni mlinzi wa waya, kwa hiyo kazi yake iko mwanzo wa waya.

Kipimo kinachotajwa na mafundi wa muziki wa gari ni inchi 18 kutoka terminali chanya, kama sentimita 45. Huna futi? Pima dhiraa, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Huo ndio mwisho. Shibiri moja ni bora zaidi. Kile kipande cha kabla ya fyuzi hakina wa kukilinda, kwa hiyo mimi hukivisha bomba la plastiki lenye mikunjo, kama lile la waya za gari zilizotoka kiwandani.

Hapo ningedhani nimeelimika. Nilipofika Nakuru nilinunua waya mpya na kikasha cha fyuzi, nikakiunga karibu na betri, kisha nikakiacha kining'inie kwa waya wake. Miezi michache ya barabara ya vumbi ya kwenda nyumbani ikatosha. Muziki ukaanza kukatika kila nikipiga shimo. Kufungua boneti, kikasha kimeyeyuka upande mmoja na fyuzi haijakatika. Mtikisiko ulikuwa umelegeza skrubu inayobana waya, na kiungo kilicholegea huzaa joto hata umeme unaopita ukiwa wa kiasi.

Basi sasa kikasha changu kimefungwa mahali. Si juu ya injini, maana injini hutikisika peke yake. Si karibu na eksosi wala redieta, kwa sababu fyuzi inayochomwa na joto la nje hukatika mapema kuliko namba iliyoandikwa. Si mgongoni mwa betri, ambako mvuke wa tindikali hula shaba. Nilimpa fundi wa jua kali kipande cha bati anikunjie umbo la L, nikakifunga kwa bolti ya trei ya betri iliyokuwepo tayari, kwa nati za kujikaza na washa za raba. Sikutoboa tundu hata moja. Ukilazimika kutoboa, chungulia kwanza nyuma ya bati: nimeona skrubu iliyosimama nusu inchi kutoka kwa paipu ya breki.

Sisi wa Kisumu na Nakuru tunapenda kuoshewa injini kwa mashine ya presha, kwa hiyo chagua kikasha chenye kifuniko, na waya uteremke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia. Maji yatadondokea kwenye kona ile.

Ukubwa wa fyuzi ndio watu hukosea kwa kuangalia amplifaya peke yake. Yangu ni ya wati 500 halisi, aina ya D, ile isiyopoteza umeme mwingi kama joto. Nikichukua kwamba inatumia vizuri asilimia 80 ya umeme, inavuta wati 625. Gawanya kwa volti 13.8, unapata ampea 45 hivi. Nimeweka fyuzi ya 60 kwenye waya wa geji 4 wa shaba tupu (geji ni namba ya unene, na ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi), ambao unahimili ampea 100 bila shida. Kwa geji 8 nisingepita 50. Lakini kwaruza nyuzi kwa kisu kabla ya kulipa: zikiwa nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inabeba kidogo kuliko geji yake inavyodai, hata plastiki iwe nene namna gani.

Kazi yenyewe: chomoa hasi ya betri kwanza, weka raba kwenye kila tundu la bati, na fyuzi iingie mwisho kabisa. Piga muziki nusu saa, zima, gusa kikasha. Vuguvugu ni sawa. Ukiondoa mkono haraka, kuna kiungo hakijabana. Rudia kukaza baada ya wiki, kwa sababu nyuzi za waya hujipanga upya chini ya skrubu. Yangu ilikubali karibu robo mzunguko.